Kaseti ya Themanini na Nane

Vijana wangu mnaokata picha, nimesikia mwezi uliopita mlipoteza harusi nzima. Diski moja, nakala moja, na ilikuwa ndani ya mfuko wa jaketi ya mtu aliyepanda pikipiki. Wakati huohuo mwenzenu aliyeko Kolwezi alikuwa anaikata harusi hiyohiyo upande wake. Akafuta sehemu aliyodhani ninyi bado mnayo, nanyi mkafuta ile mliyodhani bado anayo yeye. Mmoja wenu akaja kunionyesha mabaki kwenye simu: faili ya kwanza imeandikwa "mwisho", ya pili "mwisho kabisa", ya tatu "mwisho kweli kweli usiguse". Nilicheka mpaka mjukuu wangu akaniletea maji. Halafu nikakumbuka niliyoyafanya mimi mwenyewe, nikaacha kucheka.

Mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, sisi tuliogawanyika mbali na bado tukakata picha pamoja. Nitaandika kama ninavyokumbuka, yaani ovyo. Anayetaka mpangilio akasome kitabu cha maelekezo cha mashine yake, ambacho najua hajakifungua.

Nianze na mbuzi.

Mwenzangu wa kazi, Kabeya, alikuwa Mwene-Ditu, huko Kasai, mwendo wa treni wa siku nne ikiwa na bahati na wiki mbili ikiwa haina. Mimi nilikuwa hapa Lubumbashi, kwenye studio ya Kamalondo. Nitawaambia baadaye kwa nini alikuwa huko. Kulikuwa na harusi niliyoipiga mimi, na yeye ndiye alipaswa kuimalizia, kwa sababu ile mashine ndogo ya kuandika majina juu ya picha alikuwa nayo yeye. Nikamtumia nakala ya kaseti na barua nzuri, imeandikwa kwa mwandiko wa shule ya masista: majina ya maharusi yaingie kuanzia namba 412 mpaka 438, pamoja na muziki wa polepole. Namba hizo nilizisoma kwenye kile kidirisha cha mashine kinachohesabu kaseti inapozunguka.

Sasa, ninyi hamkuzijua mashine zile. Kila moja ilihesabu kama ilivyopenda. Kwenye mashine yangu, 412 ilikuwa bi harusi akivalishwa pete. Kwenye mashine ya Kabeya, 412 ilikuwa uani, kwenye mbuzi wa karamu aliyefungwa kamba akitafuna kitambaa. Kabeya alishangaa kidogo, lakini barua ilisema 412, na Kabeya ni mtu wa utii. Akaweka muziki wa polepole. Akaandika jina la bi harusi kwa herufi za dhahabu juu ya kichwa cha mbuzi. Baba wa bi harusi, aliyekuwa Mwene-Ditu pia, aliitazama kaseti yote kwa heshima, kisha akamwambia, "Kabeya, mutoto yangu, ule mbuzi eko muzuri sana. Lakini haiko yeye aliolewa."

Kuanzia siku hiyo hatukuandikiana namba tena. Tuliandikiana yanayoonekana na yanayosikika: "Kata pale shangazi wa kitenge cha njano anapopiga vigelegele mara ya pili." Vigelegele ni vilevile Lubumbashi na Mwene-Ditu. Na mwanzo wa kila kaseti nilisimama mbele ya kamera nikapiga kofi moja kubwa, ili kila mtu aanze kuhesabu kwa saa yake ya mkononi kutoka kwenye kofi hilo. Kaseti zote za miaka ile zinaanza na mimi nikipiga kofi, na uso wa mtu aliyekosa usingizi. Ninyi leo mnayo saa iliyofichwa ndani ya picha yenyewe. Itumieni, msiwe wavivu.

Kazi nilifundishwa na Vieux Anselme, yaani Mzee Anselme, mwenye studio. Alikuwa mzee mwembamba, mkali, aliyevaa tai hata siku ya kuosha mashine. Kukata picha kwake hakukuwa na kisu wala mkasi. Ulikuwa na mashine mbili za kaseti: ya kwanza inacheza, ya pili inanakili. Ukitaka kipande, unabonyeza hapa, unabonyeza pale, unamwomba Mungu. Na kila ukinakili nakala, picha inafifia. Nakala ya nakala ya nakala, bi harusi anakuwa kama amemwagiwa uji. Kwa hiyo kaseti yenye picha mbichi, ile iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, ilikuwa mali kuliko zote. Vieux alikuwa na sheria moja juu yake: ya mbichi haisafiri. Nakala ndiyo inayopanda treni.

Aliziweka kaseti zikiwa zimesimama, hakuna kulaza. Nilipoilaza moja mwezi wangu wa kwanza, aliniita mbele ya wateja.

"Solange, kaseti iko kama muntu. Ukimulaza siku yote, mugongo inamuuma. Musimamishe."

Nikacheka. Hakucheka. Masika ya kwanza niliona kaseti za studio ya jirani zimeota ukungu mweupe, za kwetu hapana, kwa sababu Vieux alikuwa akiweka soksi iliyojaa mchele mkavu kila pembe ya kabati ili unyevu uende huko. Soksi zilikuwa zake. Mkewe alilalamika miaka yote hiyo kwamba mume wake ana miguu miwili na soksi kumi na moja.

Basi, Kabeya. Alifika studio mwaka mmoja baada yangu. Alikuwa na sikio zuri kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Angeweza kukaa na mgongo kwa televisheni akakuambia kipande umekikata mapema. Alizaliwa Lubumbashi, akasoma Lubumbashi, na Kiluba cha Kasai alikizungumza vibaya kiasi kwamba mama yake, Mama Ngalula, alikuwa akimwomba anyamaze mbele ya wageni. Baba yake, Papa Mutombo, alikuwa karani ofisini, mtu wa shati jeupe na kalamu nne mfukoni. Mimi na Kabeya tuliipiga pamoja harusi ya dada yake, Bibiane. Tuliikata wiki nzima, tukagombana wiki nzima, na ikawa kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya.

Halafu mji ukaharibika. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Mishahara ilikoma, maduka yakaporwa, bei ya unga ilibadilika kati ya asubuhi na mchana. Na palipokuwa pabaya, wakubwa wakatafuta wa kumlaumu, wakasema watu wenye asili ya Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Kwa Kabeya kwao kulikuwa mtaa wa pili kutoka studio. Vijana walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza majina. Mimi ni mtu wa hapa, hakuna aliyeniuliza langu, na mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyopita barabarani bila kuulizwa nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Asubuhi moja Vieux Anselme alisimama mbele ya kabati. Kila kaseti ilikuwa na karatasi mgongoni, jina la familia limeandikwa kwa herufi kubwa. Nusu ya majina yale yalikuwa ya Kasai, na mengine yalikuwa na anwani kabisa.

"Toeni majina yote," alisema. "Leo hii. Bakikuya hapa, basikute jina ya muntu ata moja."

Tulibandua karatasi mimi na Kabeya kwa maji ya moto na wembe, siku nzima. Tukaandika namba badala ya majina. Orodha ya namba na majina Vieux aliiandika katika daftari moja tu, akalipeleka mtaa wa Makomeno kwa dada yake, akalificha ndani ya pipa la unga. Alitupa amri moja: kabla ya kugusa kaseti yoyote ya zamani, nenda Makomeno kwanza ukalisome daftari. Harusi ya Bibiane ilikuwa kaseti ya themanini na nane.

Vijana walikuja kweli, siku tatu baadaye. Walivuta kaseti mbili tatu, wakaona namba, wakauliza hizi ni nini. Vieux akajibu kwamba ni namba. Wakaondoka na saa ya ukutani.

Familia ya Kabeya ilikaa kwenye kituo cha treni wiki nyingi pamoja na maelfu ya wengine, ikisubiri behewa. Papa Mutombo aliugua palepale, akafia palepale, juu ya mkeka, shati lake jeupe limekunjwa vizuri ndani ya sanduku. Tulimzika hapa. Siku chache baadaye treni ilikuja. Vieux Anselme alifika kituoni na mashine mbili za akiba za studio zimefungwa ndani ya blanketi, pamoja na ile mashine ndogo ya kuandika majina, akamkabidhi Kabeya bila hotuba.

"Weye utakata kule, Solange atakata huku," alisema. "Kazi ni ileile."

Nilidhani ni maneno ya kumtuliza tu. Kumbe Vieux alikuwa ameshapiga hesabu kichwani. Watu waliogawanyika ndio wanaotaka picha kuliko wote. Ndoa nyingi zilikuwa za mchanganyiko: mume amepelekwa Kasai, mke amebaki Lubumbashi na wazazi wake. Mtoto akizaliwa huku, baba anataka kumwona kule. Kazi ilitujia mpaka tukaishiwa kaseti. Mpya hazikuwepo madukani, kwa hiyo tulirekodi juu ya za zamani, zile ambazo wenyewe walishachukua nakala zao.

Na hapa ndipo kalamu nyekundu ilipozaliwa. Mwanzoni mimi na Kabeya tulifanya kama ninyi na mwenzenu wa Kolwezi: kila mmoja anakata upande wake, kila mmoja anajiona ndiye mwenye akili. Tukapata harusi moja yenye mianzo miwili na haina mwisho. Kabeya akaamua: kuna kalamu moja nyekundu, inasafiri pamoja na kaseti. Aliyenayo ndiye anayekata. Asiye nayo anaweza kushauri kwa kalamu ya bluu, na asiguse kitu. Nimewahi kukaa siku kumi na nne nikiitazama harusi yenye kosa la wazi bila kuigusa, kwa sababu kalamu ilikuwa Mwene-Ditu. Haikuwa raha, lakini hatukupoteza harusi nyingine kwa njia hiyo.

Aliyebeba kaseti zetu ni Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza maharage na chumvi kwa jumla kwenye njia ile ya reli. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye kofia ya kahawia na sauti ya kuhubiri. Hakutaka malipo. Sharti lake lilikuwa moja, na lilitutesa: hakubeba kaseti ambayo hajaitazama yote.

"Mimi sibebe kitu sijaona," alisema siku ya kwanza. "Kuko bantu banafichaka mambo mubaya ndani ya kaseti."

"Papa Kambale, hii ni matanga ya bibi ya miaka themanini."

"Basi hatuna sababu ya kuogopa kuangalia."

Akavua kofia, akaiweka magotini, akatazama matanga kwa saa mbili na nusu. Alilia kwa ajili ya mtu asiyemjua, akapangusa uso, akaibeba. Ikawa hivyo kila mara. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba mtu huyu Mungu amemtuma kunifundisha subira, na kwamba mimi si mwanafunzi mzuri.

Sasa nije kwenye barua. Ilifika miezi kadhaa baada ya Kabeya kuondoka. Nusu ya kwanza ilikuwa ya kazi, kwa bluu. Nusu ya pili niliisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Familia ilikuwa imeondoka na nakala ya harusi ya Bibiane, ile tuliyoikata sisi, safi, tamu. Mama Ngalula aliitazama mara nyingi, kwa sababu ndiyo picha pekee ya mumewe akitembea na kusema. Lakini kulikuwa na sehemu anaitafuta haioni. Kwenye karamu Papa Mutombo alisimama kuwapa maharusi nasaha alizoziandika kwa Kifaransa, na akagundua hana miwani. Akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena. Mama Ngalula akainuka mbele ya watu wote, akavua miwani yake mwenyewe, ile ya kike yenye pembe za juu kama mabawa, akamvalisha. Ukumbi mzima ulicheka. Naye akasoma nasaha zote hivyohivyo, karani mzima ndani ya miwani ya mkewe.

Tulikuwa tumeikata sehemu hiyo. Mimi ndiye niliyeikata. Nilimwambia Kabeya kwamba mtu mwenye heshima zake hawezi kubaki kwenye kaseti amevaa mabawa, na Kabeya akakubali, kwa sababu alikuwa baba yake na aliona aibu kidogo. Tukaunganisha kutoka makofi mpaka makofi. Haikuonekana hata mshono.

"Mama anauliza," Kabeya aliandika, "ile kipande alimuvalisha Papa lunettes yake iko wapi. Nilimuambia iko ndani ya kaseti mbichi, ile 88, Lubumbashi, Sola anaichunga. Anasema anangoja."

Sola ni mimi. Na Sola hakuichunga.

Wiki chache kabla ya barua ile kulikuwa na ubatizo Naviundu. Mama wa mtoto alikuwa wa hapa, baba alikuwa amepelekwa Mwene-Ditu. Nilihitaji kaseti upesi. Nilivuta moja kabatini. Mgongoni iliandikwa 88. Makomeno ni mbali kwa miguu, jua lilikuwa kali, na ile namba haikuniambia kitu. Kwa jina ningesita. Kama ingekuwa imeandikwa "Bibiane" mkono wangu ungeungua. Lakini majina tuliyatoa wenyewe ili kuwaokoa wenye majina, na mimi nikaona uvivu kwenda kulisoma daftari. Nikaitia kwenye kamera, nikapiga kofi langu, nikarekodi ubatizo juu ya Papa Mutombo.

Baada ya barua nilikwenda Makomeno mbio. Nililisoma daftari mikono imejaa unga: themanini na nane, harusi, Bibiane. Nililia pale kwenye pipa, mbele ya dada yake Vieux, ambaye alidhani nimefiwa.

Kwa wiki tatu sikumjibu Kabeya. Nilimwandikia habari za kazi tu, na juu ya 88 nilijifanya sikuona. Fikirini: mjane anangoja Mwene-Ditu, na mimi ninaandika juu ya muziki wa polepole. Vieux Anselme ndiye aliyenibana.

"Ulifuta?"

"Nilifuta, Vieux."

"Ulimuambia?"

Nikageukia kabati, nikaanza kusimamisha kaseti zilizokwisha simama.

"Kaseti uliharibu siku moja," alisema. "Sasa kila siku unaharibu Kabeya. Kaa chini, andika."

Nikaandika. Ukurasa mmoja na nusu, kwa bluu, bila kujitetea. Nikaufunga, nikaungoja ubebwe pamoja na nakala ya ubatizo wa Naviundu kwenda kwa baba wa mtoto.

Papa Kambale alifika saa nne asubuhi. Nakala ilikuwa bado haijatengenezwa, maana umeme ulikuwa haba wiki zile, kwa hiyo nikamwambia atazame ile mbichi wakati ninainakili, tumalize mambo mawili kwa mara moja. Akavua kofia. Akauliza kwa nini padri ana haraka namna ile. Nikamjibu kwamba siku hiyo ilivuma kuwa kuna wanajeshi barabarani, na padri alibatiza kama mtu anayekimbia mvua. Mtoto alilia baada ya kila kitu kuwa kimekwisha. Ubatizo ukafika mwisho, picha ikageuka chengachenga. Nikanyoosha mkono kuisimamisha.

"Acha," alisema Papa Kambale. "Bado inazunguka."

"Imeisha, Papa Kambale. Ni chengachenga tu."

"Kaseti ikisimama yenyewe, nami nitasimama. Sheria ni sheria."

Nilikuwa na huzuni, na huzuni yangu hugeuka kuwa hasira upesi. Nikamwambia basi akae na chengachenga zake, nikatoka uani kuchochea makaa ya chai. Nilikuwa nimeinama kwenye mbabula nikipepea, nikimsema kimoyomoyo, yeye na maharage yake, nilipomsikia anaita kwa sauti ile ya mimbarini.

"Dada Solange! Kuja! Kuko mwanaume anavaa lunettes ya mwanamuke!"

Sijui niliingiaje ndani. Ubatizo ulikuwa mfupi kuliko harusi. Padri mwenye haraka hakuifikisha kaseti mwisho, na pale ubatizo ulipoishia, harusi ya Bibiane ilikuwa bado imelala chini yake, salama, kipande kidogo cha mkiani. Nilirudisha nyuma kidogo. Chengachenga, chengachenga, halafu Papa Mutombo. Shati jeupe, kalamu nne. Anaisogeza karatasi mbali, anaileta karibu. Mkono wa Mama Ngalula unaingia kwenye picha, unamvalisha miwani, na kidole kimoja kinairekebisha puani. Watu wanacheka. Yeye anainua kidole kama mwalimu wa darasa la kwanza, anasoma, "Mes enfants..." yaani wanangu, na kaseti inakwisha. Inasimama yenyewe.

Haikufika dakika moja. Nasaha zenyewe sikuzikuta, kwa sababu siku ya harusi kaseti iliishia hapo na zilizofuata tulizianza kwenye kaseti nyingine, ambayo nayo, nilikuja kujua Makomeno, ilikuwa imeshakuwa matanga ya mtu mwingine. Kaseti zote mbili nilizifuta, kasoro dakika ile.

Papa Kambale alinitazama nikilia na kucheka kwa pamoja, akaniuliza kwa upole kama yule mwanaume ni mtu mbaya. Nikamweleza yote. Akasema nakala hii ataibeba mfukoni mwake mwenyewe, sio kwenye mzigo.

Nilitengeneza nakala mbili, umeme ukiwa na huruma siku hiyo. Moja ikaenda Makomeno kwa dada yake Vieux. Ile ya mbichi nilivunja kijino chake cha mgongoni, kile kidogo cha plastiki. Kikivunjika, mashine inakataa kurekodi juu. Ingechukua sekunde moja kukivunja siku ya harusi. Halafu nikataka kuichana barua ya kuungama, kwa maana sasa nilikuwa na kitu cha kupeleka. Vieux Anselme akaniwahi mkono.

"Barua inaenda vilevile," alisema.

Ikaenda. Baadaye Kabeya aliirudisha, na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Makomeno ni saa moja ya miguu. Nimeipima mara nyingi. Utembee." Hakuongeza neno, na tuliendelea kukata picha pamoja miaka mingine tisa, yeye kule na mimi huku.

Kwa hiyo, wanangu, mkiniuliza diski gani ni nzuri, sijui. Muulize aliye kijana. Ninachojua ni kwamba nakala moja ni sawa na hakuna, na ya pili isilale nyumba moja na ya kwanza. Orodha iwe mahali ambapo hata mvivu atafika. Kalamu nyekundu iwe moja. Na kabla hujafuta, tazama mpaka isimame yenyewe, hata kama chai inaungua. Juu ya kukata makosa ya watu, nimebadilika. Nikiona mzee anajikwaa kwenye karamu, siku hizi ninamwacha ajikwae.

Papa Kambale alirudi baada ya mwezi. Aliingia, akavua kofia, na safari hii alikuwa yeye mwenye kitu cha kutuambia. Kaseti ilitazamwa mchana, chumba kimejaa majirani, jenereta ikipiga kelele nje. Mama Ngalula aliketi karibu sana na televisheni, magoti yake yakiigusa meza. Mara ya kwanza aliitazama mpaka mwisho. Kaseti ikasimama. Kabeya akaanza kulia, mama akamwambia airudishe nyuma. Mara ya pili, Papa Mutombo alipoanza kuisogeza ile karatasi mbali na kuileta karibu, mbali na karibu, Mama Ngalula aliinama mbele, akamwambia mumewe pale kwenye picha, akimwita kwa jina la mtoto wao, kwa Kiswahili chetu cha hapa, kama wanavyosemezana watu waliooana miaka mingi:

"Nilikuambia toka asubui, Papa Kabeya. Lunettes yako iko juu ya friji."